Vyungu Vyote Vililia Sawa

Asubuhi ukungu hushuka kutoka milimani na kulala juu ya Ziwa Nyasa. Kijiji cha Ikombe huwa kimya. Kinachosikika ni Tusajigwe, mfinyanzi, akigonga vyungu vyake.

Hufanya hivyo kila baada ya kuchoma. Hukunja kidole, hugonga ubavu wa chungu, kisha husikiliza. Chungu kizima hulia kama kengele ya kanisa la mbali. Chenye ufa hutoa sauti iliyokwama. Marehemu mama yake alimwambia asiuze chungu ambacho hajakigonga.

Miaka mitatu iliyopita Tusajigwe aliugua malaria, nusura afe. Tangu hapo aliogopa. Kila alipokwenda kuchimba udongo bondeni, kwenye mbu wengi, alimeza kwinini kwanza. Aliamini ni kinga. Akihisi uchovu, alimeza tena. Hakupimwa malaria hata mara moja. Vidonge alivinunua dukani, akavitunza katika chungu kidogo kando ya Biblia, na alivimeza akimaliza kusali.

Mwaka huu masikio yake yakaanza kulia. Ulikuwa mlio mwembamba, mtamu, usiokoma. Akitembea ufukweni alijiona kama anaelea ndani ya ukungu. Siku nyingine alidhani malaika wanamwita. Hakumwambia mumewe, Anyisile. Miguu ilipovimba hadi kandambili zikambana, na mkojo ulipotoa povu jingi, aliongeza kwinini.

Jumamosi moja, kwenye mnada wa Matema, mteja wake Veronika wa Ipyana alimrudishia chungu.

"Mama Kisa, umeniuzia chujio," alisema. "Maharage yangu yamezima moto."

Watu wakacheka. Tusajigwe alikigonga kile chungu. Kililia kama kengele. Akagonga kingine, kizima. Nacho kililia vilevile. Ndipo alipojua kwamba mlio ule haukuwa wa vyungu. Ulikuwa ndani yake. Alikaa chini mchangani. Kama hasikii ufa, atafinyanga vipi tena?

Usiku alimweleza Anyisile yote, na Jumatatu mumewe alimpeleka zahanati. Tabibu wa hapo, binti aitwaye Angetile, aliuliza anatumia dawa gani. Tusajigwe alitoa kile chungu kidogo kwenye kikapu. Angetile alitazama ndani.

"Mama, nani alikwambia kwinini ni kinga?"

"Hakuna, mwanangu. Niliogopa kufa."

Angetile alimweleza polepole. Kwinini hutibu malaria, kwa siku chache tu, na kwa maelekezo ya mtaalamu. Ukiimeza ovyo, masikio hulia. Ukiendelea miaka, figo nazo zinaweza kuumia. Figo ni mbili, ziko mgongoni chini ya mbavu. Huchuja damu, na uchafu hutoka na mkojo.

"Zikiumia hazipigi kelele," alisema. "Mtu hushtuka miguu imeshavimba."

"Nimeshaziua?"

"Sijui, mama. Nimepima mkojo wako, una protini, si dalili nzuri. Damu ipimwe hospitalini." Akamrudishia chungu, kitupu. "Vyungu unavigonga kabla ya kuuza. Mwili wako mbona huugongi?"

Njia nzima ya kwenda hospitali Tusajigwe aliomba bila sauti. Majibu yalipotoka, daktari alisema figo zimeumia, lakini bado zinafanya kazi. Tena shinikizo la damu lilikuwa juu, nalo huumiza figo. Alimpa dawa ya shinikizo, akamwambia aache kwinini, apunguze chumvi, asinunue dawa za maumivu bila ushauri, na arudi kupimwa kila alipopangiwa.

Anyisile alitundika chandarua chenye dawa. Kisa, binti yao, alimshonea mama yake gauni la mikono mirefu la kuvaa bondeni. Homa ilipompata mwezi wa nne, Tusajigwe hakukimbilia dukani. Alikwenda zahanati, akachomwa kidole. Haikuwa malaria.

Uvimbe ukapungua. Kipimo cha damu hakikuzidi kuwa kibaya. Masikio yakatulia kidogo kidogo, kama ziwa baada ya upepo.

Asubuhi moja ya ukungu alichambua vyungu alivyochoma jana yake. Aligonga cha kwanza, kikalia. Cha pili kikalia. Cha tatu kilitoa sauti iliyokwama.

Aligonga tena, akainamisha kichwa.

"Baba Kisa," aliita, machozi yakimtoka. "Njoo usikie. Hiki kina ufa."