Doa Jeupe la Mtaa wa Tully

Kofi la Kerrin Scully lilimkosa aliyestahili, likamwangukia aliyekuja kumpenda.

Ilikuwa Newcastle, kwenye maonyesho ya treni za mfano, ukumbi umefurika, pai za nyama zikinukia. Kerrin, mwanamke mchomeleaji aliyefukuzwa karakana ya mabehewa, ovaroli ya buluu na hereni nyekundu, alikuwa ameupandisha mezani mfano alioujenga wa Mtaa wa Tully, mtaa wa kwao uliovunjwa: nyumba za matofali zilizobanana kando ya reli, kila moja ndogo kuliko kiganja. Bwana mmoja wa suti akacheka, "Uchafu gani huu?" Akatoboa paa kwa kidole.

Kofi likatoka. Bwana akainama. Likatua puani mwa mwanamume mrefu wa shati la maua.

"Samahani, kaka! Halikuwa lako."

"Limeshafika, silirudishi," akajibu, damu ikichuruzika juu ya maua. "Naitwa Goran Vuletich. Kutu ya mabomba haya umeipakaje?"

"Unavuja damu, unauliza kutu?"

"Damu itakauka. Kutu je?"

Tangu hapo kila Jumamosi alikuwa gerejini kwa Kerrin, mtaa ule ulipowekwa. Goran alikuwa fundi wa kuzeesha mifano: unga wa kutu kwenye mabehewa, masizi yaliyochanganywa na spiriti kwenye kuta. "Tofali safi kando ya reli ni uongo," ndiyo ilikuwa dini yake. Katikati ya wiki simu haikupoa.

"Umekula, kipenzi?" alikuwa akiuliza Goran.

"Nimekula gundi."

"Basi leo hakuna busu, tutagandana."

"Wewe unaogopa kugandana?"

Jumamosi moja Kerrin alitoka kununua chipsi. Goran, peke yake, akaona ukutani mwa nyumba ya mwisho sehemu iliyopauka, mtaa mzima ukiwa mweusi. Akadhani mpenzi wake kasahau. Akapaka masizi, kwa upendo, akapuliza yakauke.

Kerrin akarudi. Chipsi zikamwagika.

"Nani kapaka hapa?"

"Mimi, mpenzi. Ukuta ulikuwa umepauka."

Kwenye ukuta huo, katika mtaa wa kweli, ndipo walinzi wa kukodiwa na kampuni ya mabehewa walipokibamiza kichwa cha kaka yake Kerrin, Declan, asubuhi ya mgomo, wakabamiza tena, na tena, mpaka akaacha kupumua. Mama yao aliusugua ukuta kwa magadi makali. Damu ikatoka, masizi ya vizazi yakatoka nayo, tofali zikabaki nyeupe. Hakushtakiwa mtu. Tingatinga zilipokuja, nyumba ile ndiyo ilivunjwa kwanza. Wenye mali hawasahau hivihivi. Husahau kwa mpango.

Hayo yote Kerrin hakuwahi kumwambia Goran. Akakamata nyundo. Stesheni ikasagika, daraja likapasuka, mabehewa yakaruka hadi dirishani.

"Na wewe unawasaidia kufuta!"

Goran, asijue amefuta nini, akaikinga nyumba ya mwisho kwa kiganja. Nyundo ikashuka. Mfupa ukalia.

Hapo ndipo Kerrin alipomweleza, kwa kelele, kila neno jiwe. Kisha: "Toka!"

Akatoka, kidole kikining'inia. Alipiga simu wiki nzima. Mwishowe Kerrin akapokea.

"Kidole?"

"Kimevunjika. Nyumba ya mwisho je?"

"Nzima."

"Basi nifungulie. Niko mlangoni."

Aliingia na bandeji, chupa ya spiriti na mswaki. Akapiga magoti, akasugua kwa mkono wa kushoto. Masizi yaligoma mpaka rangi ya tofali ilipotoka nayo, plasta ikatokeza, nyeupe kama mfupa, pana kuliko mwanzo. Katika bega lake Kerrin aliliona bega la mama yake likienda na kurudi. Akapiga magoti kando yake, akaushika mswaki juu ya vidole vyake.

"Nisamehe kidole," akanong'ona.

"Nisamehe ukuta."

Kwenye maonyesho yaliyofuata, vifusi vya nyundo waliviacha vilevile. Bwana wa suti akapita, akaelekeza kidole.

"Hapo mmesahau kupaka."

"Hapo kilipasuliwa kichwa cha shemeji yangu," akasema Goran. "Muulize mke wangu."

"Mke wako tangu lini?" Kerrin akaruka.

Goran akainua kidole kilichounga kombo, kina nundu. "Tangu uliponivisha pete hii. Nyingine ningeweza kuivua."

Kerrin akacheka, machozi yakimlenga, lakini macho hakuyatoa kwa bwana wa suti.

"Haya, nimekubali," akasema. "Na wewe, bwana, sogea uutazame ukuta vizuri. Cheka basi. Leo sikosei."