Shokapu Zilizopakwa Rangi

Mbele ya gereji nzima, nilimwamkia mwanamke asiyekuwepo. Niliinama dirishani nikamwambia kwa adabu zangu zote, "Shikamoo mama, naomba ushuke kidogo, gari linataka kuinuliwa." Mafundi wakacheka hadi mmoja akaangusha jeki. Kiti cha nyuma kilikuwa kitupu. Nimetembea nchi nyingi na kujiaibisha katika kila moja, ila kuamkia kiti ilikuwa mara ya kwanza.

Gari langu ni la zamani, na shokapu za nyuma zilikuwa zimekufa. Kila shimo lilinigonga kiunoni. Fundi wangu ni shemeji yangu, mdogo wake mke wangu. Alinifungia nyingine, akaapa ni mpya, nami kwa ujanja wangu wote nikaamini ile rangi nyeusi inayong'aa. Tangu siku hiyo gari likalalia kushoto kama limebeba mtu mzito, na ndani likanuka marashi na mafuta yaliyoungua. Mke wangu aliuliza marashi ni ya nani. Nikamjibu ni ya shokapu. Hakunisemesha mpaka asubuhi.

Ndiyo maana nililirudisha gereji. Wenzake walipokuwa bado wanacheka, shemeji alinivuta pembeni. Yeye hakucheka.

"Shem, huyo mama alivaaje?"

"Kilemba cha kijani. Na miwani imebaki kioo kimoja."

Akakalia tairi. Kwa sauti ndogo akanieleza: mama huyo alikuwa mteja wake, alileta gari shokapu zikiwa zimechoka, naye akazifuta mafuta, akazipaka rangi, akazirudisha zilezile na kumwambia ni mpya. Kwenye kona ya kwanza kali gari liliacha barabara, na mama hakupona. Mabaki ya gari yalipoletwa gereji, shemeji akazifungua, akazipaka rangi tena, akanifungia mimi.

Sikujua nimpige au nimkumbatie. Nikamwambia azitoe upesi.

Alipoinama kushika nati, gari likaanza kushuka upande uleule wa kushoto, taratibu, bila kuguswa na mtu, likapanda, likashuka tena, shokapu zikikoroma kama kifua kinachotafuta pumzi, marashi yakazidi hadi macho yakatutoka machozi, mafundi wakarudi nyuma mmoja baada ya mwingine, fundi wa rangi akanong'ona kwamba jini hatolewi kwa spana, mlango wa dereva ukafunguka wenyewe, na shemeji, huku akitikisa kichwa kukataa, akainuka akaenda kukaa kwenye usukani kama mtoto aliyeitwa na mama yake. Nikamkamata shati, likachanika likabaki mkononi mwangu, mlango ukajifunga, injini ikawaka, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu.

Nyuma yake, kilemba cha kijani kikasogea karibu na sikio lake.

"Mama, nisamehe," shemeji alisema. "Nitakufungia mpya. Mpya kabisa, naapa."

"Hizihizi zinatosha," mama akamjibu. "Endesha."