Sikio la Posta

Jioni ile ukumbi wa Voi ulijaa hadi madirishani. Ule mchezo wa majasusi uliokuwa umepumzika tangu mwaka uliopita ulikuwa unarudi kwenye televisheni, na kila mtu alitaka kuona nani atanaswa safari hii. Wakesho alichelewa. Gauni lake la maua ya manjano lilikuwa bado na joto la pasi ya makaa. Benchi lilibakiwa na nafasi moja tu, kando ya Musyimi.

"Kaa, mrembo. Siumi," Musyimi alisema, akikusanya miguu mipana ya suruali yake ya bugaluu kumpisha.

"Mdomo wako ndio unaouma."

Hawakuwa wamesemeshana tangu Pasaka. Musyimi, karani wa shamba la mkonge Mwatate, alikuwa akimpigia simu kila Ijumaa kwenye duka la vitambaa alikofanya kazi. Ijumaa moja walikubaliana kuoana mwisho wa mwaka, baba yake Wakesho, mzee Nehemiah, akubali asikubali. Kufika Jumapili mzee alikuwa na habari yote, neno kwa neno, hata lile "asali wa moyo". Akamwambia bintiye hakuna Mkamba atakayeoa nyumbani kwake. Wakesho aliamini Musyimi amejigamba kwa marafiki, akaacha kupokea simu zake.

Kwenye kioo, jasusi alikuwa amejifungia chumbani na vidude masikioni, akisikiliza simu ya mwanamke wa mtaa wa pili. Ukumbi ukanyamaza. Ndipo Maundu, fundi wa baiskeli, aliposema kutoka nyuma, "Mashine yote hiyo ya nini? Sisi tuna Wakio wa posta."

Watu walicheka mpaka sauti ya televisheni ikapotea. Wakesho hakucheka. Wakio, aliyeunganisha simu zote za Voi kwa mkono wake, alikuwa dada wa baba yake.

"Ni shangazi," alinong'ona.

"Nilikuambia sikumwambia mtu."

"Uliniambia, nami nikakataa kusikia. Nisamehe." Alimshika mkono pale pale, mbele za watu.

"Basi tuandikiane barua. Barua hawezi kuisikiliza."

"Tujifiche tumeiba nini? Zungumza na wazee wako leo. Kesho mchana nakupigia."

Kesho yake aliingia kwenye kibanda cha simu, akaacha mlango wazi.

"Namba?" Wakio aliuliza kwa sauti yake ya kazini.

"Mwatate kumi na tisa, shangazi. Na leo vuta kiti kabisa."

Waya zilikwaruza, kisha Musyimi akaja.

"Asali wa moyo."

"Wazee wamesemaje?"

"Wako tayari. Mjomba Nzomo ananoa maneno tangu alfajiri."

"Basi mje Jumamosi na mbuzi. Mje mchana, kwa mlango wa mbele, majirani wakiona. Baba akifunga, mkae uani, na mimi nitatoka niketi nanyi."

"Atakufukuza, Wakesho."

"Anifukuze nikiwa upande wako. Nataka alijue hilo leo kabla ya chakula cha jioni, na wa kumfikishia yupo."

Mtu alikuwa akipumua katikati yao.

"Mbuzi wangapi?" Wakio aliuliza.

Musyimi alicheka chini chini.

"Njoo uhesabu mwenyewe, shangazi," Wakesho akasema.