Haunifai

Duka la mbao lilifurika watu Jumamosi ile. Katikati yao binti mmoja, gauni lake la bluu limetapakaa udongo, alikuwa akibandika tonge la udongo mbichi juu ya kila ubao, kisha akilibandua. Seremala aliyefuata misumari akashindwa kunyamaza.

"Dada, mbao zimekukosea nini?"

"Mimi mfinyanzi, kaka. Natafuta ubao unaokunywa maji. Usiokunywa, udongo unanata, chungu kinang'ang'ania kama mgeni asiyejua kuaga."

Seremala akacheka, akamchagulia ubao mkavu usiopakwa kitu, akambebea mpaka kwenye karakana yake ya ufinyanzi. Mapenzi yakaanzia hapo. Ikawa "laazizi, umekula?" mchana, "laazizi, umelala?" usiku.

Siku ya kuzaliwa ya mpenzi wake, seremala akamtengenezea ubao mpya, mpana. Akaupiga msasa, halafu, kwa kutaka ung'are, akaupaka vanishi tabaka juu ya tabaka. Neno la kwanza kabisa aliloambiwa na binti yule, alilisahau.

Kesho yake simu ikaita huku msumeno wa umeme ukinguruma.

"Laazizi, usikasirike. Haunifai. Nimejaribu, lakini unanata mno."

Masikio yake yakasikia "hunifai". Ndugu zake walishamtania kwamba amemganda yule binti kama kupe, na sasa mwenyewe kasema.

"Sawa," akajibu, akakata. Alipopigiwa tena hakupokea. Alipofuatwa kazini, akamtuma dada yake aseme amesafiri. Hasira hasara, na hasara ile ilimkalia kifuani kila alipoinusa vanishi.

Miaka ikapita. Wakakutana tena duka lile lile, mfinyanzi ana pete kidoleni.

"Nilikukosea nini?" akamuuliza taratibu.

"Ulisema sikufai. Eti nanata."

"Nilisema ubao. Ubao haunifai. Wewe nani alikwambia hunifai?"

Seremala akatamani ardhi immeze. Neno moja tu, na hakuuliza mara ya pili.

"Uliutupa?"

"Niliukwangua vanishi yote, huku nakusubiri. Ndio ninaofanyia kazi mpaka leo."

"Na sasa?"

"Sasa unafaa," akasema, machozi yakimlengalenga.

Seremala hakuthubutu kuuliza kama ni ubao au ni yeye. Nje, mume wa mfinyanzi alikuwa akipiga honi. Seremala akaubeba ubao alioununua mwanamke yule, akauweka garini polepole.

"Kwaheri, dada," akasema, kama alivyomwita siku ya kwanza.