Februari Yenye Siku Thelathini na Moja

Mwaka ule wa 1988, katika Eldoret nzima hakukuwa na mtu aliyeielewa kompyuta kama mimi. Shule yetu ilikuwa nayo moja tu, na kila siku masomo yakiisha, mimi Gichuru wa kidato cha pili ndiye niliyekuwa wa kwanza kuikalia. Kisha nilipitia dukani kwa Mama, mtaa wa Langas, kunywa chai.

Nyuma ya duka, ndani ya katoni, kuku wetu alikuwa ameatamia mayai kumi na mawili ya kuku wa gredi, wale wa kisasa. Mama aliyatoa huko Plateau, nje ya mji, akayapakata njia nzima kama mtoto mchanga. Alitaka kuanza ufugaji, na mayai mengine hakuwa nayo. Kuku aliwekewa mayai hayo jioni ya tarehe 20 Februari.

"Yataanguliwa lini?" Mama aliuliza.

"Mama, hiyo ni kazi ya kompyuta!"

Nikaandika programu: chukua tarehe, ongeza siku ishirini na moja. Kompyuta ikajibu: Februari 41. Darasa zima likacheka. Nikaongeza mstari: siku zikizidi 31, toa 31, ingia mwezi unaofuata. Ikajibu: Machi 10. Nikatembea kwa maringo hadi siku hiyo.

Machi 10 ikaja, kimya. Jioni ya Machi 11 kuku alikuwa amekaa tu, ananitazama kana kwamba mimi ndiye niliyechelewa.

"Mama, yameoza," nikatangaza. "Kompyuta haikosei."

Mama alipangusa meza iliyokuwa safi tayari. "Basi katupe. Nyinyi ndio mmesoma."

Nikayatia kwenye karai, nikalibeba kwapani, nikaziba pua na kuelekea shimo la taka. Mlangoni nikagongana na Mwalimu Ondiek wa shuleni kwetu, amefuata mafuta ya taa.

"Gichuru, mbona sisikii harufu yoyote?"

Nikamweleza habari za programu yangu.

"Februari yako ina siku ngapi?"

"Thelathini na moja, Mwalimu."

"Hiyo ni Februari ya nchi gani?"

Nikakumbuka kalenda ya dukani: mwaka huo Februari ilikuwa na siku ishirini na tisa. Arobaini na moja, toa ishirini na tisa... kumi na mbili. Kesho!

"Rudisha mayai kabla hayajapoa!" Mwalimu akafoka. Nikakimbia. Kuku alinidonoa mkono, na sikumlaumu.

Kesho yake vifaranga kumi na mmoja walikuwa wakipiga kelele. Mama alicheka hadi akakaa chini. Mwalimu alipokuja kuwaona, aliniambia, "Kompyuta ilitii ulichoiamuru. Ungeijaribu kwanza kwa tarehe unazozijua, ungeliona kosa. Usimpe mtu kazi aitegemee kabla hujaikagua."

Jumapili jirani yetu Mama Mary akaja. "Hongera, Gichuru!"

"Asante, Mama Mary. Kuna watu walitaka kuyatupa mayai, lakini mimi nikasema tuvumilie."

Dada yangu mdogo Nyakio akainua kichwa kutoka kwenye katoni. "Na yule aliyebeba karai huku ameziba pua, alikuwa nani?"

Hata kuku alinigeukia.