Kompyuta Iliyobaki Mwaka Jana

Ndugu zangu, asubuhi katika duka la dawa la kaka yangu ilikuwa na raha yake. Wifi yangu, ambaye ndiye mfamasia, alifuta kaunta. Mama alikaa kwenye kiti chake karibu na friji, akiwauliza wateja vijana wataoa lini. Kaka aliwasha kompyuta, yenye programu kuukuu ya kutunza kumbukumbu za dawa. Kila ilipofunguka, ilionyesha kwa rangi nyekundu dawa zilizokwisha muda, nao wakaziondoa. Waliiamini mno, hata kusoma maboksi waliacha.

Siku moja programu ilikataa kufunguka. Ujumbe ulisema: "Leseni imekwisha muda. Wasiliana na ofisi yetu." Namba ya simu ilikuwa hapo hapo chini. Lakini kaka yangu, ambaye tangu utotoni tunamwita Mkato kwa kupenda njia za mkato, haombi msaada hata nyumba ikiungua. Alirudisha tarehe ya kompyuta mwaka mzima nyuma, programu ikafunguka, akapiga mluzi. Mkewe hakuambiwa kitu.

Mnaona hatari ilipo? Kompyuta ikiamini kwamba bado ni mwaka jana, dawa iliyoharibika huionyesha kuwa nzima. Rangi nyekundu ilitoweka, na wifi akadhani mambo ni mazuri.

Miezi ikapita. Mama ana kisukari, na insulini yake ilitoka kwenye friji ile ile. Sukari ikaanza kupanda. Akakonda, akawa anakunywa maji bila kukata kiu. Sisi tukamshuku yeye.

"Mama, unakula pipi kwa siri?" kaka akamuuliza.

"Pipi ya nani? Nimekuzaa mimi, leo unataka kunipekua?"

Na kweli tulimpekua, mama wa watu, tusipate kitu. Kesho yake alizirai, tukamkimbiza hospitali. Daktari akaomba kuiona dawa yake. Wifi alikigeuza kichupa, akasoma tarehe, akaona dawa ilikwisha muda zamani. Akaenda dukani moja kwa moja, mimi na kaka nyuma yake, akatazama pembe ya skrini.

"Baba watoto, kompyuta hii iko mwaka gani?"

Mkato alilia mbele yetu bila kujificha.

Wifi ndiye aliyepiga simu kwenye namba ile ya ofisi ya programu. Dada aliyepokea hakucheka wala hakugomba. "Toleo lenu ni la zamani, lakini bado tunalihudumia," alisema. "Rekebisheni tarehe kwanza, kisha nisomeeni namba ya usajili, nitawapa leseni mpya." Kabla chai haijapoa, programu ilifunguka, na skrini nzima ikawa nyekundu. Walifunga duka, wakawatafuta wateja mmoja mmoja ili warudishe dawa.

Mama alipona. Namshukuru Mungu, namshukuru daktari, na wifi, na yule dada wa kwenye simu nisiyemjua hata sura. Mama amerudi kwenye kiti chake. Kila asubuhi kaka akimletea sindano, humtazama juu mpaka chini.

"Kwanza niambie, mwanangu, leo tarehe ngapi?"

Naye humjibu kwa adabu, na mwaka anautaja.

FUNZO

Jamani, kifaa kikikuonya, usikizibe mdomo ili kazi iendelee. Soma kilichoandikwa, piga simu, uliza. Wanaojua wapo, tena wengi wao ni waungwana. Kompyuta unaweza kuidanganya tarehe. Mwili wa mama yako huwezi.