Pumzi Ndani ya Mfuko

Kilichomkera fundi kwanza ni mlio. Mashine mpya ya kusafisha hewa, iliyowekwa kando ya kitanda cha binti yake, ilikuwa inavuma, inanyamaza, kisha inavuma tena, taratibu, kama mtu aliyelala chali. Fundi alikuwa mshonaji, na mashine anazijua. Cherehani yake ina miaka kumi na miwili na haijawahi kupumzika pasipo yeye kuondoa mguu.

"Baba Chiriku, hiki kitu kinapumua," alimwambia mumewe.

"Inapima hewa hiyo. Ikiona safi inatulia," mume alijibu bila kuinua macho kwenye madaftari aliyokuwa akisahihisha. "Najua."

Najua. Bwana huyu alikuwa mwalimu wa sayansi, na neno hilo ndilo lililokuwa salamu yake na kwaheri yake. Alijua njia hata akiwa amepotea. Alijua ugonjwa kuliko daktari, mshono kuliko mkewe, na siku moja msibani alimsahihisha mfiwa umri wa marehemu. Watu humwita mtu wa namna hii mjuaji, wakacheka, yakaisha. Mimi sicheki.

Binti yao alikuwa na miaka saba. Jina la Chiriku alipewa kwa sababu tangu aanze kusema hakuwahi kufunga mdomo, hata usingizini alikuwa na la kueleza. Kisha zikaja chafya, macho mekundu, na kifua kinachopiga mluzi. Daktari alimpima akasema ni mzio: vumbi la nyumbani, kuvu ya ukutani, vinyuzi vya vitambaa vya mama. Akampa dawa ya kuvuta, akaagiza mashuka yafuliwe kwa maji ya moto kila wiki, cherehani ihamie nje barazani, na chumbani kwa mtoto iwekwe mashine yenye kichujio kizuri. Mama alihama na cherehani siku hiyohiyo. Ukuta aliusugua mpaka vidole vikachubuka. Mashine ndiyo aliyomwachia mume.

Siku ya kuiwasha, mama alikuwa na kijitabu cha maelezo mkononi.

"Hapa wanasema kabla ya kuwasha ufungue nyuma, halafu..."

"Maelezo ni ya wasiojua," mwalimu alimkata. "Tena nikwambie, kama yupo anayejua kuliko mimi, na aingie humo aifanye hiyo kazi yeye."

Akabonyeza kitufe. Taa ya kijani ikawaka, na mama akakirudisha kijitabu kwenye boksi. Hasira aliimeza, kama alivyozoea.

Wiki mbili zikapita. Vumbi juu ya kabati la mtoto halikupungua, liliongezeka. Chumba kikaanza kunuka harufu ya mdomo uliofungwa muda mrefu, harufu yenye joto, ambayo haikutoka hata madirisha yakifunguliwa. Chiriku akaacha kusimulia. Akiulizwa swali alijibu kwa kichwa, maana maneno yanahitaji pumzi naye alikuwa anaibania. Walimrudisha kwa daktari, na daktari akauliza kama mashine inafanya kazi sawasawa.

"Kikamilifu," alisema mwalimu.

Alhamisi, kabla ya saa sita mchana, mama alikuwa barazani akipinda sketi ya mteja, mtoto amelala ndani, mtaa umetulia. Akasikia pumzi mbili. Moja aliijua, ile ya mluzi, na nyingine ilikuwa nzito zaidi, na alipotega sikio aligundua kwamba hazigongani, kwamba moja inangoja nyingine imalize, na kila ile nzito inapojaa ile ya mwanawe inapungua, na akaiacha sketi chini akaingia ndani polepole, akasimama mlangoni akitazama mbavu za mtoto zikibonyea chini ya shimizi wakati mashine inavuma, zikibaki zimebonyea mpaka inyamaze, na ndipo alipopiga magoti nyuma ya mashine akang'oa mfuniko kwa kucha zake.

Kichujio kilikuwa bado kwenye mfuko wake wa nailoni. Mfuko wa kiwandani, umezibwa pande zote, hakuna hewa iliyowahi kupita hapo hata siku moja. Mashine ilikuwa imevuma bure wiki mbili. Lakini mfuko ulikuwa umejaa, umevimba, umelowa kwa ndani kama kioo cha bafuni, na mbele ya macho yake ukanywea kidogo, kisha ukavimba tena.

Alichomoa waya ukutani. Mfuko haukujali.

Akampigia simu mama yake mdogo, aliyekuwa mganga akikaa mtaa wa pili. Mwalimu alitangulia kufika, kaja kula. Alitazama mfuko, akaona kosa, nami nasema aliliona, maana uso ulimbadilika. Kisha akakohoa.

"Hiki kiwanda cha kipuuzi," alisema. "Nani anaacha nailoni ndani?"

Mama Chiriku alichukua mkasi wake mkubwa wa kukatia vitambaa. Hata yeye hakuwa na hakika anamwendea nani. Mama mdogo, ndiyo kwanza anaingia mlangoni, aliudaka ule mkono.

"Usitoboe," mganga alinong'ona. "Humo mna pumzi ya mwanao. Ukiimwaga hairudi."

Aliuondoa mkasi, akachutama, akaigonga mashine ubavuni mara tatu kwa kifundo cha kidole.

"Wewe uliye humo. Nani kakuleta?"

Mfuko ulivimba mpaka nailoni ikalia. Jibu lilitoka kitandani. Midomo ya Chiriku ilisogea, macho yamefumba, na sauti ilikuwa kavu, haina pumzi ndani yake.

"Nimekaribishwa. Baba alisema aingie anayejua. Mimi najua kuvuta. Kutoa sijui."

Mganga alimgeukia mwalimu. "Mkwe, mlango umeufungua kwa kinywa chako, na kwa kinywa chako utaufunga. Sema: nilikosea, sikujua. Basi. Usiongeze kitu."

"Mama, kwa heshima zote," mwalimu alisema chini chini, jasho likimtoka, "nailoni ikikaa karibu na feni, lazima itacheza. Hilo ni jambo la..."

Mfuko ukavimba. Mbavu zikazama. Midomo ya mtoto ilianza kuwa na rangi ya jivu.

Hasira ya miaka tisa ya ndoa ilimpanda mama Chiriku kwa mkupuo mmoja. Alimkamata mumewe tai, akamvuta mpaka nyuso zao zikagusana.

"Mtoto wako anakata roho," alisema, sauti iko chini kuliko ya mganga, "na wewe bado unafundisha. Sema. Sema, au nakuapia nitakutoa hayo maneno kooni kwa mkono wangu."

Mwalimu alitazama kitandani. Mdomo ulifunguka, ukafungwa, ukafunguka.

"Nilikosea," alisema. "Sikujua."

Mfuko ulinywea wote kwa pigo moja. Ile harufu ikapita usoni mwao, ya moto, ikatokea dirishani. Chiriku akavuta hewa, akaitoa, akalia kwa sauti ambayo mtaa mzima uliisikia. Mganga aliuchana mfuko, akakirudisha kichujio kikiwa uchi kama inavyotakiwa, akawasha. Mashine ikavuma moja kwa moja.

"Halijaenda mbali," alimwambia mwalimu akiondoka. "Linazuiwa na hilo neno ulilosema leo. Siku ukilikana, litarudi."

Zikapita siku nane za raha. Kichujio kilianza kuwa cheusi kwa vumbi, vumbi la kweli, na mama aliliangalia kwa furaha. Chiriku akarudi kuwa Chiriku.

Jumamosi asubuhi alikuwa barazani miguuni pa mama yake, akimsimulia habari ya mwalimu wao wa hesabu aliyevaa viatu viwili tofauti. Baba yake alikuwa kwenye uzio akiongea na jirani, ambaye mwanawe naye anapiga chafya na alitaka kununua mashine.

"Kuwa makini na ile nailoni," sauti ya mwalimu ilifika barazani. "Wengi wanakosea hapo. Mimi niliiona mapema, nikaitoa mwenyewe. Humu ndani walishaanza kuita waganga."

Chiriku alinyamaza katikati ya neno. Akaweka mkono kifuani.

Mama alimbeba mtoto, akakanyaga sketi ya mteja, akaenda hadi kwenye uzio. Harufu ile ilikuwa imeshafika kabla yake.

"Baba Chiriku. Rudia ulichosema siku ile. Mbele ya jirani, sasa hivi."

Mwalimu alimtazama mkewe. Alimtazama binti yake, midomo yake. Kisha akamtazama jirani, aliyekuwa anangoja kusikia, na akacheka kidogo.

"Wanawake, bwana," alisema.

Begani kwa mama yake, Chiriku alivuta pumzi moja. Mama akasubiri itoke.